Kisukari: Kazi ya Kila Siku Nyumbani



Mtu mwenye ugonjwa wa kisukari huenda kliniki labda mara moja kwa mwezi. Siku hiyo mganga humpima damu, humpa dawa na kumwandikia tarehe ya kurudi. Siku nyingine zote yuko nyumbani na shambani. Nani anamtunza katika siku hizo? Ni yeye mwenyewe, pamoja na watu wa nyumbani kwake. Leo tutazungumza juu ya kazi yao hiyo.

Kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Chakula tunachokula, hasa ugali, wali, ndizi, mihogo na viazi, hugeuka kuwa sukari tumboni. Sukari hiyo huingia katika damu. Ili itoke kwenye damu na kuingia katika misuli itupe nguvu, inahitaji kitu kinachoitwa insulini. Insulini hutengenezwa na kongosho, kiungo kilichopo nyuma ya tumbo. Mwenye kisukari hana insulini, au anayo lakini haitoshi au haifanyi kazi vizuri. Mfano wake ni nyumba iliyofungwa na ufunguo umepotea. Magunia ya mahindi yamejaa uani, lakini watoto walio ndani wanalala na njaa.

Sukari ikizidi katika damu, figo huitoa kwa mkojo, nayo hutoka na maji mengi. Ndiyo maana mgonjwa hukojoa mara nyingi, huwa na kiu kali, hukonda na kuchoka. Watu wa zamani waliutambua ugonjwa huu kwa kuona sisimizi wakikusanyika penye mkojo. Lakini sisimizi si kipimo. Mtu anaweza kukaa na kisukari miaka mingi bila kuona sisimizi wala kujisikia mgonjwa. Kipimo ni tone la damu.

MIGUU

Hapa tutakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wengi wanapoumia bila kujua.

Sukari ikikaa nyingi katika damu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu, hasa ya miguuni. Miguu huanza kuwaka moto au kuchomachoma kama imekanyaga upupu. Baadaye hufa ganzi. Mgonjwa hufurahi akidhani amepona, kwa sababu maumivu yameisha. Hajapona. Mlinzi wake ndiye aliyelala.

Fikiria mzee mmoja wa nyanda za juu, penye baridi. Jioni anaota moto jikoni, miguu ameisogeza karibu na mafiga. Anasikia joto kidogo tu. Mkewe ndiye anayeshtuka kwa harufu ya ngozi inayoungua. Asubuhi kuna lengelenge. Wiki ya pili ni kidonda. Kwa kuwa hakiumi, mzee anaendelea kulima. Mwezi unapokwisha kidonda kimefika kwenye mfupa, na daktari anasema mguu ukatwe. Moto ule ungemuuma, angeuvuta mguu mara moja.

Jambo lingine litakushangaza. Mwaka 2005 madaktari wa Tanzania waliandika habari za wagonjwa wa kisukari waliotafunwa miguu na panya usiku wakiwa wamelala. Hawakusikia kitu mpaka walipoamka na kuona damu. Kwa hiyo, usilale na mabaki ya chakula chumbani. Osha miguu kabla ya kulala. Lala ndani ya chandarua, na ukingo wake uuchomeke chini ya godoro au mkeka pande zote. Chandarua ulichopewa kwa ajili ya mbu kinazuia na panya pia.

Kila jioni fanya hivi. Nawa miguu kwa maji ya kawaida na sabuni. Usiiloweke katika maji ya moto. Kama unataka kujua joto la maji, pima kwa kiwiko cha mkono, usipime kwa mguu. Kausha vizuri, hasa katikati ya vidole. Paka mafuta juu ya mguu na chini, lakini si katikati ya vidole. Kisha itazame: juu, chini, visigino, kati ya kila kidole. Tafuta mwiba, mkwaruzo, lengelenge, wekundu au uvimbe. Kama macho hayaoni vizuri au huwezi kuinama, mwite mtoto wa shule akutazamie. Hakuna aibu hapo.

Usitembee pekupeku, hata kwenda uani kukojoa. Sandali za matairi ni bora kuliko pekupeku, lakini hakikisha hakuna msumari uliotokeza kwa ndani. Kabla ya kuvaa kiatu, kikung'ute na upitishe mkono ndani. Mtu mwenye ganzi anaweza kutembea na kokoto kiatuni kutwa nzima. Kucha kata moja kwa moja, usichimbe pembeni. Sugu usiikate kwa wembe.

Ukiona kidonda, hata kidogo kama punje ya mtama, kioshe kwa maji safi na sabuni, kifunike kwa kitambaa safi, uende zahanati siku hiyo au kesho yake. Usipake majivu wala mavi ya ng'ombe. Usiukanyagie mguu huo bila lazima. Kwa mkulima wakati wa palizi agizo hilo ni gumu, tunajua. Lakini wiki mbili za kupumzika ni chache kuliko maisha yote ya kutembea kwa magongo.

CHAKULA

Mwenye kisukari hahitaji chungu chake peke yake. Chakula kinachomfaa yeye kinaifaa familia nzima. Nusu ya sahani iwe mboga za majani: mchicha, matembele, kisamvu au nyinginezo. Robo iwe maharage, kunde, samaki, yai au nyama. Robo inayobaki ndiyo ya ugali au wali. Dona ni bora kuliko sembe, lakini dona nalo ni ugali. Ukila mlima wa dona sukari itapanda. Chai inywe bila sukari. Soda iache. Asali pia ni sukari, ingawa wengi hubisha.

SUKARI IKISHUKA GHAFLA

Mtu anayedungwa insulini, au anayemeza baadhi ya vidonge vya kisukari, anaweza kupatwa na hatari ya upande wa pili. Amemeza dawa, hakula, akashika jembe. Sukari inashuka mno katika damu. Hutetemeka, hutoka jasho la baridi, moyo humwenda mbio, hukasirika bila sababu na kusema maneno yasiyoeleweka. Wasiojua husema amelewa, au amepandwa na pepo. Wakati wanabishana, anaweza kuzimia na kufa.

Mpe haraka vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu chupa ya soda yenye sukari. Subiri dakika 15. Kama bado, mpe tena. Akipata nafuu ale chakula. Lakini kama amezimia, usimmiminie kitu mdomoni, kitampalia. Mlaze ubavu na mumkimbize hospitali.

Unapokwenda shambani kula kwanza. Funga sukari kidogo kwenye pindo la khanga au uiweke mfukoni. Waambie wenzako iko wapi na ni ya nini.

INSULINI

Watoto na vijana wengi wenye kisukari hawana insulini yao hata kidogo. Kabla ya mwaka 1922 mtoto wa namna hiyo alikufa. Mwaka 1921 Frederick Banting na Charles Best, huko Kanada, walifaulu kuipata insulini, na mwaka uliofuata wagonjwa wakaanza kudungwa. Kwa hiyo mtu asikudanganye umwachishe mtoto sindano ili anywe mizizi. Hata akiugua homa na kutapika, insulini isiachwe. Mpeleke kituo cha afya upesi.

Insulini huharibiwa na joto kali, na huharibika pia ikiganda barafu. Kama huna jokofu, tumia vyungu viwili. Weka mchanga ndani ya chungu kikubwa, tumbukiza kidogo, kisha jaza mchanga katikati yao. Umwagie mchanga maji asubuhi na jioni. Kichupa kitie katika mfuko wa plastiki uliofungwa ili maji yasiingie, kiweke ndani ya chungu kidogo, ufunike kwa kitambaa kibichi. Chungu kikae kivulini, penye upepo. Maji yanapokauka huondoka na joto, kama yanavyopoa maji ya mtungi. Pwani, penye hewa ya unyevu, njia hii hupoza kidogo kuliko bara.

Siku ya kufungua kichupa, andika tarehe juu yake. Baada ya wiki nne kitupe, hata kama dawa imebaki. Na kama insulini ya maji meupe imekuwa na ukungu au chembechembe, usiitumie.

Andika pia katika daftari: umedunga saa ngapi, kiasi gani, sukari ilishuka lini, mguu umeonaje. Siku ya kliniki lichukue daftari hilo. Na ukifika kwa mganga, vua viatu hata kama hujaambiwa. Mganga mwenye foleni ndefu anaweza kusahau kutazama miguu. Akiiona iko wazi mbele yake, ataitazama.