Bahrain ni ya Nani? Utangulizi wa Historia ya Madai ya Mamlaka Visiwani

Mnamo Novemba 1957 serikali ya Iran ilipitisha muswada wa kuifanya Bahrain mkoa wa 14 wa nchi hiyo. Bungeni Tehran palitengwa viti viwili vya wawakilishi wake, navyo vikabaki vitupu. Wakati huohuo, kule Manama, sheikh wa ukoo wa Al Khalifa alikuwa akitawala kama wazee wake walivyotawala tangu 1783, huku Uingereza ikishika mambo yake ya nje kwa mikataba ya karne ya 19. Kila upande ulikuwa na hoja, na kila hoja ilikuwa na nyaraka za kuitetea.

Karibu katika taaluma inayozisoma nyaraka hizo. Utangulizi huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi anayeanza, na unachukua Bahrain kuwa mfano kwa sababu ni visiwa vidogo vyenye madai mengi, na kwa sababu mgogoro wake mkubwa ulimalizika bila risasi kufyatuliwa. Jambo moja ningependa ulishike tangu mwanzo: kabla hujauliza kisiwa ni cha nani, uliza ni ushahidi gani ulihesabiwa, nani aliuhesabu, na wenyeji walikuwa wapi ulipokuwa ukihesabiwa.

Anza na aina ya kwanza ya ushahidi, mfuatano wa watawala. Mwaka 1602 majeshi ya Shah Abbas wa Uajemi, yaani Iran ya leo, yaliwaondoa Wareno na washirika wao wa Hormuz, na ukoo wake, Wasafawi, ukaishika Bahrain kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1717 waliingia Waomani wa Yaaruba, dola ileile iliyowang'oa Wareno katika Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698. Waajemi walirudi zama za Nadir Shah, na baada yake masheikh wa Bushehr wakatawala kwa jina la Uajemi. Mwaka 1783 Al Khalifa wakavuka bahari kutoka Zubarah, pwani ya Qatar, wakaviteka visiwa. Hata Seyyid Said bin Sultan, ambaye wasomaji wa pwani yetu wanamfahamu zaidi kwa Unguja na mikarafuu, aliishambulia Bahrain mwaka 1828, akashindwa.

Mtetezi wa Uajemi huanza hesabu 1602. Mtetezi wa Al Khalifa huanza 1783. Wote wawili wanataja matukio ya kweli. Ndiyo maana mwanafunzi makini huitazama tarehe ya kuanzia kabla ya kuitazama hoja yenyewe: mara nyingi aliyeichagua tarehe ameshachagua na hukumu.

Aina ya pili ya ushahidi ni kodi ya utii na bendera. Katika karne ya 19 watawala wa Bahrain walilipa kodi kwa nyakati mbalimbali kwa Uajemi, kwa Maskati, kwa Wasaudi, na mwaka 1839 waliahidi kuilipa Misri iliyokuwa imefika mashariki ya Uarabuni. Mwangalie Sheikh Muhammad bin Khalifa karibu na mwaka 1860. Alikuwa amebanwa na Wasaudi nchi kavu na Waingereza baharini. Akamwandikia Shah akijitangaza mtu wake, akawaandikia Waosmani vivyo hivyo, na kwa nyakati tofauti akapeperusha bendera za pande zote mbili. Mwaka 1861 akatia saini mkataba na Uingereza. Miongo saba baadaye mawakili wa Tehran waliitaja barua ya kwanza kama hati ya umiliki. Mtu aliyeiandika alikuwa akitafuta namna ya kuuvuka mwaka huo akiwa bado na kiti chake. Barua ni ileile, lakini imebebeshwa kazi ambayo mwandishi wake hakuikusudia.

Aina ya tatu ni maneno ya maafisa. Mwaka 1822, huko Shiraz, mwakilishi wa Uingereza William Bruce aliafikiana na gavana wa Fars, mtoto wa Shah, na katika makubaliano hayo Bahrain ilitajwa kuwa ni ya Uajemi. Serikali ya Waingereza huko Bombay iliyakana na kumwondoa Bruce, na Shah naye hakuyaridhia. Mwaka 1869 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Clarendon, alijibu malalamiko ya Uajemi kwa barua iliyokubali kwamba malalamiko yamepokelewa na kufikiriwa. Je, kukubali kwamba mtu amelalamika ni kukubali haki yake? Tehran ilisema ndiyo ilipopeleka shauri lake kwenye Shirikisho la Mataifa mwaka 1927, na London ikasema hapana. Mwanafunzi akitaka kupima uwezo wake wa kusoma, aanze na barua hiyo fupi.

Sheria ya kimataifa nayo ina mizani yake. Mwaka 1928 mwanasheria Mswisi Max Huber aliamua kesi ya kisiwa cha Palmas kati ya Marekani na Uholanzi. Marekani ilitegemea ugunduzi wa Wahispania, waliokuwa wameiachia haki zao. Huber alikipa kisiwa Uholanzi, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikionyesha mamlaka huko kwa mfululizo na kwa amani. Kipimo hicho kinawafaa Al Khalifa, lakini kina udhaifu wake: humpa nguvu aliyefanikiwa kukaa, hata kama wenyeji hawakuwahi kuulizwa.

Katika Bahrain waliulizwa, ingawa kwa kuchelewa. Uingereza ilipotangaza mwaka 1968 kwamba ingeondoka Ghuba kabla ya mwaka 1971 kwisha, Shah alipata nafasi ya kuchagua. Januari 1969, akiwa New Delhi, alisema kwamba hatatumia nguvu kuichukua Bahrain. Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, U Thant, alimtuma Vittorio Winspeare Guicciardi, ambaye kati ya Machi na Aprili 1970 alizungumza na vyama, mabaraza, viongozi wa vijiji na watu waliojitokeza wenyewe. Taarifa yake ilisema kuwa walio wengi mno walitaka dola huru yenye mamlaka kamili. Baraza la Usalama liliikubali kwa kauli moja kwa azimio namba 278 la tarehe 11 Mei 1970, bunge la Iran likafuata, na tarehe 15 Agosti 1971 Bahrain ikatangaza uhuru. Haikuwa kura ya siri ya kila mtu mzima, na wasomi bado wanabishana kama mashauriano yale yalitosha. Mjadala huo ni wa thamani, kwa sababu unahusu namna ya kuisikia sauti ya watu, ambayo hoja za awali hazikuishughulikia kabisa.

Uhuru haukufunga kila faili. Qatar na Bahrain zilishindana juu ya visiwa vya Hawar na eneo la Zubarah mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuanzia 1991. Qatar ilileta hati 82 ambazo Bahrain ilizipinga kuwa ni za kughushi. Wataalamu walichunguza mihuri, saini na karatasi, na hatimaye Qatar ikaacha kuzitegemea. Hukumu ya 2001 iliipa Bahrain Hawar kwa msingi wa uamuzi wa Uingereza wa 1939, na Zubarah ikabaki Qatar. Kwa hiyo usidharau kazi ya kukagua muhuri: kesi ya dola inaweza kuyumba juu yake.

Unapoingia katika maktaba, soma Fereydoun Adamiyat anayetetea dai la Iran, kisha J. B. Kelly anayelipinga, kwa uangalifu uleule. Kumbukumbu za Ofisi ya India, zilizohifadhiwa London, nyingi sasa zinasomeka kwenye intaneti, lakini ziliandikwa na maafisa waliokuwa upande mmoja wa shauri. Jifunze Kiarabu na Kiajemi kadiri uwezavyo. Tafuta pia maombi ambayo Wabaharna, wakulima wa mitende wa madhehebu ya Shia, waliyapeleka kwa wakala wa Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakilalamikia kodi na dhuluma. Humo utawakuta watu wanaozungumzia mashamba yao na usalama wao, wakati serikali zikigombania jina la nchi yao.

Ukishaizoea njia hii, utaweza kuipeleka kwingine: Mayotte na Komoro, Chagos na Mauritius, au ukanda wa maili kumi wa pwani ya Kenya ambao Sultani wa Zanzibar aliuachia mwaka 1963. Kila mahali utakuta ramani na mikataba kwa wingi, na maneno ya wakazi kwa uchache. Kazi inayotungoja katika taaluma hii ni kuyatafuta maneno hayo na kuyasoma kwa bidii ileile tuliyoitumia kwa barua za mawaziri. Mikono zaidi inahitajika, na wewe unakaribishwa.