‘Salome’ na somo la hakimiliki kwa wanamuziki wa Ngara na Biharamulo

SEPTEMBA 2016, Diamond Platnumz akishirikiana na Rayvanny alitoa wimbo ‘Salome’, ambao kwa muda mfupi ulitikisa redio na kumbi za starehe Afrika Mashariki. Kwa vijana wengi ulikuwa wimbo mpya. Kwa watu wazima wa Mkoa wa Kagera, ilikuwa sauti ya nyumbani iliyorudi ikiwa imevaa nguo nyingine.

Asili yake ni ‘Maria Salome’ wa Saida Karoli, mwimbaji mzaliwa wa Kagera ambaye kuanzia mwaka 2001 aliufanya muziki wenye mahadhi ya Kihaya usikike nchi nzima, hata kwa wasiojua neno la lugha hiyo. Wengi wanaufahamu pia kwa jina la ‘Chambua Kama Karanga’.

Wimbo mpya haukuficha ulikotoka, kwani jina lenyewe na kiitikio vilimrejesha msikilizaji kwa Saida. Mwanamuziki huyo, ambaye kwa miaka kadhaa alikuwa hasikiki sana, alianza kutajwa tena na mwaka 2017 akatoa wimbo ‘Orugambo’.

Kisa hicho kinaibua swali linalowahusu pia wasanii chipukizi wa wilaya za Ngara na Biharamulo wanaoingia studio kurekodi albamu zao za kwanza: wimbo unaporudiwa, ni wa nani na nani analipwa?

Kwa kawaida albamu ya msanii wa namna hiyo huwa na nyimbo za aina tatu: alizotunga mwenyewe, za wengine alizozirudia, na za jadi alizozikuta kijijini. Kila aina ina hesabu yake mbele ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyounda Cosota.

Wimbo wa kutunga mwenyewe hulindwa tangu unapotungwa, bila kusubiri cheti. Ulinzi huo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hata hivyo, kuusajili kuna faida, kwani ugomvi unapozuka anayeshinda ni mwenye ushahidi.

Wimbo wa kurudia ndio wenye mitego mingi. Ndani yake kuna mali mbili. Ya kwanza ni utunzi, yaani maneno na sauti zake, na ya pili ni rekodi iliyotengenezwa studio. Anayeuimba upya kwa sauti na ala zake haigusi rekodi ya zamani, lakini bado anatumia utunzi. Anayechukua vionjo kutoka katika rekodi yenyewe anagusa vyote viwili.

Wapo wanaodhani kwamba kubadili ala au kutafsiri maneno kunaufanya wimbo kuwa mpya. Sivyo. Kutafsiri na kupanga upya ni haki za mtunzi. Kijana wa Ngara anayeuweka wimbo wa Kirundi katika Kihangaza, lugha zinazokaribiana sana, bado anahitaji ruhusa ya mwenye wimbo.

Aina ya tatu ni nyimbo za jadi, na hapa ndipo wilaya hizi mbili zina utajiri. Ngara ina Wahangaza na Washubi, Biharamulo ina Wasubi, na mpaka wa Rwanda na Burundi haujawahi kuzuia ngoma kuvuka. Radio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na Shirika la Wajesuti la Kuhudumia Wakimbizi, ilizaliwa katika mchanganyiko huo wa watu, baada ya maelfu kwa maelfu ya Wanyarwanda kuvuka daraja la Rusumo mwaka 1994.

Wimbo wa harusi usiojulikana mtunzi hauna mtu mmoja wa kuudai, lakini si shamba lisilo na mwenyewe. Sheria inalinda sanaa za jadi zisitumiwe kibiashara nje ya mazingira yake bila kibali cha mamlaka husika, na inataka jamii zilikotoka zitajwe.

Gharama ya kutoweka kumbukumbu inaonekana katika ‘Malaika’. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadaye ukaimbwa na Miriam Makeba, Harry Belafonte na kundi la Boney M. Lakini Mtanzania Adam Salim alidai kuwa aliutunga mwaka 1945, na ubishi huo umebaki hadi leo.

Kisa kingine ni cha Solomon Linda wa Afrika Kusini, aliyerekodi ‘Mbube’ mwaka 1939 na kuuza haki zake kwa fedha kidogo. Alifariki dunia mwaka 1962 akiwa maskini, ilhali wimbo wake ulikuwa ukiimbwa duniani kote. Familia yake ilifikia makubaliano ya malipo mwaka 2006.

Somo hapa ni kwamba sifa na fedha ni mambo mawili. Anayerudia wimbo anaweza kumtaja mtunzi kwa heshima zote, lakini malipo huenda kwa yule ambaye mkataba unamtambua kuwa mwenye haki. Msanii aliyesaini kuuza haki zote kwa mtayarishaji au meneja hatakuwa na la kudai wimbo wake utakapovuma tena miaka 15 baadaye.

Hili si suala la nadharia tena. Januari 2022 Cosota iligawa mirabaha kwa wasanii ambao nyimbo zao zilipigwa redioni, na fedha za namna hiyo hufuata majina yaliyoandikwa.

Kwa hiyo kabla ya kuingia studio, msanii aandike kila wimbo wa albamu yake, nani katunga maneno, nani katunga sauti, na upi ni wa jadi na wa jamii gani. Kwa nyimbo za wengine, apate ruhusa ya maandishi. Na mkataba asiouelewa asiusaini, hata kama studio inalipiwa na mtu mwingine.