Kabla hujamfukuza mgeni, kumbuka Misri



Unaufahamu vema ule mfuko mkubwa wa nailoni wenye mirabamiraba, unaojaa kwenye mabasi ya mikoani. Sisi tunauita “shangazi kaja”. Jina hilo lina furaha ndani yake. Ukilisikia unaona mlango unafunguliwa, watoto wanakimbia kumpokea mgeni, na nyumbani hakuna anayeuliza ataondoka lini.

Lakini mfuko huohuo Wajerumani waliuita “sanduku la Mturuki”, kwa kuwakejeli wafanyakazi walioanza kuletwa kwa mkataba wa mwaka 1961 kutoka Uturuki kwenda viwandani mwao. Nigeria unaitwa “Ghana Must Go”, yaani Waghana lazima waondoke. Mfuko ni mmoja. Kinachotofautiana ni jinsi watu wanavyomtazama aliyeubeba.

Jina hilo la Nigeria lina historia inayopaswa kututafakarisha. Januari 1983, bei ya mafuta ikiwa imeshuka na kazi zimekuwa chache, serikali ya Rais Shehu Shagari iliwaamuru wageni wasio na vibali waondoke ndani ya majuma mawili. Waghana peke yao wanakadiriwa kufikia milioni moja. Walisukumia maisha yao yote ndani ya mifuko ile, wakashika njia.

Sasa rudi nyuma hadi Novemba 1969. Serikali ya Waziri Mkuu Kofi Busia wa Ghana iliwapa wageni wasio na vibali majuma mawili hayohayo, na wengi wao walikuwa Wanigeria. Walikuwamo wachuuzi waliokwisha kujenga na kuzaa watoto Ghana. Je, Ghana ilitajirika kwa kuwafukuza? Hapana. Baada ya miaka michache Waghana wenyewe walikuwa safarini kwenda Nigeria kutafuta riziki. Waliofunga mlango ndio waliokuja kubisha hodi.

Ndugu yangu, ndiyo maana Mungu alipowaamuru Waisraeli wampende mgeni, hakuwapa sababu kwamba mgeni ana faida au ana tabia njema. Soma Walawi 19:34 na Kumbukumbu la Torati 10:19. Sababu ni moja: ninyi nanyi mlikuwa wageni Misri. Amri hii imejengwa juu ya kumbukumbu.

Na Misri yenyewe haikuanza kwa ukatili. Iliipokea familia ya Yakobo wakati wa njaa, ikaipa ardhi nzuri. Mambo yaliharibika alipotokea mfalme asiyemjua Yusufu (Kutoka 1:8). Angalia mfuatano wake: kwanza kusahau, kisha kuogopa wingi wao, kisha utumwa, na mwisho watoto kutupwa mtoni. Chuki kwa wageni hufuata hatua hizo hadi leo.

Tuliliona Afrika Kusini. Wakati wa ubaguzi wa rangi, wapigania uhuru wake walipokewa na nchi nyingi za Afrika. Hapa kwetu walipewa ardhi Mazimbu, Morogoro, wakajenga shule iliyobeba jina la Solomon Mahlangu, na wakaitumia hadi walipoikabidhi mwaka 1992. Haikupita hata miaka 20. Mei 2008, katika vitongoji vya Johannesburg na kwingineko, Wazimbabwe, Wamsumbiji na wengine waliwindwa mitaani. Mtu alionyeshwa kiwiko chake, akaulizwa kinaitwaje kwa Kizulu. Akikosea, ameshajulikana. Waliosoma Waamuzi sura ya 12 walikumbuka vivuko vya Yordani, ambako Mwefraimu aliuawa kwa kushindwa kutamka neno moja.

Zaidi ya watu 60 walikufa, na karibu theluthi yao walikuwa raia wa Afrika Kusini. Lugha yao au sura yao iliwatilia shaka. Chuki ikishaachiwa haiombi kitambulisho.

Tusiwanyooshee wengine kidole, mpendwa. Ni kweli Tanzania iliwapa uraia zaidi ya wakimbizi 162,000 wa Burundi waliokuwa hapa tangu mwaka 1972, na vyeti vyao vilianza kutolewa mwaka 2014. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini jiulize: yule kibarua kutoka ng'ambo ya mpaka aliyekulimia msimu mzima, siku ya malipo ulimpa haki yake, au ulimtishia kumwitia Uhamiaji? Malaki 3:5 inamtaja anayedhulumu mshahara wa kibarua na anayemnyima mgeni haki yake katika orodha moja na wachawi na wazinzi, na Bwana mwenyewe atakuwa shahidi dhidi yao.

Sisemi nchi isiwe na sheria za mipaka. Kila nyumba ina mlango. Lakini sheria inaweza kufuatwa bila matusi, bila kipigo na bila kula jasho la mtu. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mpe teke. Walijua kwamba anayekaa nasi atafanya kazi nasi, na anayelima nasi atakula nasi.

Kumbuka pia kwamba Bwana wetu alivuka mpaka usiku akiwa mtoto, akakimbilia Misri ileile (Mathayo 2:14). Siku ya mwisho atauliza kama tulimkaribisha alipokuwa mgeni. Waliokosea watashangaa, kwa sababu hawakumtambua.

Juma hili mtafute mgeni mmoja katika mtaa wako, kazini au kanisani. Muulize jina lake na ulitamke sawasawa. Kama una deni lake, mlipe kabla jua halijachwa.