Kwa nini uso wa mvuvi unatoka giza kwenye picha yako ya Feri?

Fungua picha ulizopiga mara ya mwisho ulipokuwa Feri, pale mdomoni mwa bandari ya Dar es Salaam. Bahari imetoka safi, boti nyeupe ya Zanzibar inang'aa, pantoni ya Kigamboni unaiona mpaka kutu. Sasa mwangalie mvuvi aliyesimama mbele. Macho hayaonekani, mashavu hayaonekani, uso mzima ni doa jeusi lililovaa kofia. Utasikia mtu anasema "simu yangu mbovu" au, mbaya zaidi, "huyu naye ni mweusi sana." Hapana. Tatizo ni hesabu.

Kamera haijui inatazama nini. Inapima mwanga unaoingia, inatafuta wastani, halafu inapanga picha ili wastani huo utoke kijivu cha katikati, yaani kijivu kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Mtaani, penye kuta, miti na watu, mpango huu unafanya kazi vizuri tu. Bandarini unakwama, kwa sababu sehemu kubwa ya picha ni maji yanayometameta, anga tupu na vyombo vilivyopakwa rangi nyeupe.

Tufanye hesabu ndogo. Chukulia robo tatu ya picha ni maji na anga vyenye mwangaza wa 8, na robo iliyobaki ni mtu aliye kivulini, chini ya paa, mwangaza wa 1. (Tofauti ya mara 8 kati ya juani na kivulini ni ya kawaida kabisa.) Wastani wake ni 0.75 × 8 + 0.25 × 1, jumla 6.25. Kamera inaichukua hiyo 6.25 na kuifanya kijivu cha katikati. Mtu wetu mwenye 1 amebaki chini ya kijivu hicho kwa zaidi ya mara 6. Na hapo hatujagusa rangi ya ngozi. Ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo kuliko nyeupe, kwa hiyo inasukumwa chini zaidi.

Ukitaka kuhakikisha, fanya kinyume. Meli ya mizigo yenye ubavu mweusi ikijaza picha, kamera inadhani kuna giza na kuongeza mwanga. Ubavu unatoka kijivu kilichopauka, na koti la njano la kuli aliye karibu linaungua mpaka kuwa jeupe.

Ila hesabu hii peke yake haimalizi habari. Enzi za filamu, kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafisha picha Marekani zilipokea kutoka Kodak kadi za kulinganishia rangi, zenye picha ya mwanamke mweupe. Ziliitwa kadi za "Shirley". Ngozi yake ikitoka vizuri, basi mashine iko sawa. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, ameeleza kwamba msukumo mkubwa wa kuboresha filamu ili ionyeshe rangi za kahawia ulitoka kwa kampuni za chokoleti na za samani zilizolalamika kuwa bidhaa zao hazitoki vizuri. Yaani kabati lilisikilizwa kabla ya mtu. Mwaka 2021 Google ilitoa simu ya Pixel 6 na kuitangaza kwa mfumo unaoshughulikia ngozi nyeusi, Real Tone. Ni hatua, lakini miaka mingapi imepita hapo katikati?

Haya, wewe ufanye nini na simu uliyonayo? Gusa uso wa mtu kwenye kioo cha simu, ushikilie kidole mpaka kipimo kijifunge, kisha sogeza alama ya jua juu kidogo. Maji yatapauka. Yaache yapauke! Maji ya bandari kila mtu anayajua, uso wa huyu mzee ndio habari.

Halafu fikiria mwanga unakotoka. Ukiwa Feri, Kigamboni iko mashariki, ng'ambo ya maji. Asubuhi, wakati soko la samaki limechangamka, ukielekeza kamera baharini unapiga kulitazama jua. Geuka, wewe uipe bahari mgongo na mvuvi aitazame. Jioni ni kinyume, jua linatoka upande wa mjini na kumulika meli zinazoingia. Saa sita mchana, hasa Machi mwanzoni na Oktoba, jua liko karibu utosini na macho ya kila mtu yanageuka mashimo. Wakati huo ingia chini ya paa, msogeze mtu hadi ukingoni, mwanga wa anga umpige kwa upande.

Huo mwanga wa upande una faida yake. Sehemu ndogo ya mwanga hurudi kutoka juu ya ngozi bila kuingia ndani, na kiasi chake ni karibu sawa kwa ngozi zote. Kwenye ngozi nyeusi mng'ao huo unaonekana zaidi, kwa sababu mwanga unaorudi kutoka ndani ni mdogo. Chanzo kikipana, kama anga au ubavu wa boti nyeupe, mng'ao unatandaa taratibu na kuchora shavu, paji la uso, mishipa ya mkono unaovuta kamba. Jua kali la moja kwa moja linautoa kama madoa tu.

Kabla ya yote, omba ruhusa. "Shikamoo mzee, naomba nikupige picha" inatosha, na akikataa, amekataa. Mama ntilie na wapagazi pia waulize, wako kazini. Usielekeze kamera Ikulu pale Magogoni, wala vyombo vya jeshi, wala ndani ya geti la bandari bila kibali. Ukishapiga, mwonyeshe mwenye uso. Akisema "mbona nimekuwa mweusi hivi", sogeza ile alama ya jua juu tena, mpige nyingine.