Baka la Titi Lisilopona

Thamesmead, mji uliojengwa tangu miaka ya 1960 juu ya vinamasi vya kusini mashariki mwa London, kando ya mto Thames, una wakazi wengi wa asili ya Kiafrika, na mwanamke wa kwetu akaaye huko, aonapo baka juu ya titi lake, aghalabu hulifunika kwa haya aliyolelewa nayo. Haya hiyo naiheshimu, ila mbele ya tabibu si mahali pake.

Si kila saratani itokeayo juu ya titi huanza kwa uvimbe, wala si kila moja ni saratani ya titi lenyewe. Iko limfoma ya ngozi, maradhi adimu ya chembe nyeupe za damu, ambazo badala ya kuilinda ngozi huitamalaki. Na aina yake iliyo mashuhuri, maikosisi fungoidesi, ilielezwa mwaka 1806 na tabibu Mfaransa Jean-Louis Alibert, aliyeufananisha uvimbe wake na uyoga, ingawa maradhi hayo hayana nasaba yoyote na uyoga. Hupenda mahali pasipopigwa na jua: matako, mapaja, kiuno na matiti.

Vitabu vingi vya utabibu huonyesha mabaka mekundu, kwa kuwa viliandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe. Amma katika ngozi yetu baka huweza kuwa jeupejeupe, au jeusi kuliko pambizo zake, lenye magamba membamba, ngozi yake imekunjamana kama karatasi ya sigara. Ndiyo sababu huitwa choa, au ukurutu, au barasi, na mwenyewe akapaka marhamu miaka nenda miaka rudi. Eksirei ya matiti hutafuta yaliyo ndani. Shahidi wa baka ni kipande cha ngozi, upana wake kama milimita 4, kinachokatwa kwa ganzi na kutazamwa kwa hadubini. Na shahidi huyo naye huweza kunyamaza mara ya kwanza, hasa ngozi ikiwa imepakwa dawa, ikabidi kukata tena.

Yakigunduliwa mapema, maradhi haya hutulizwa kwa marhamu au kwa miale ya urujuanimno, na wengi huishi nayo umri mrefu. Hospitali za Guy's na St Thomas', huko huko London, zina kliniki ya limfoma za ngozi, na njia ya kuifikia huanzia kwa daktari wa mtaani.

Basi dada yangu, likikataa dawa baka hilo, usiondoke kwa daktari na marhamu nyingine tu. Mwombe akupeleke ukakatwe kipande cha ngozi kipimwe.