Uzamiaji Katika Maji ya Pepo

Mara ya kwanza nilipozamia katika Ziwa Victoria, kando ya kisiwa cha Takawiri katika kaunti ya Homa Bay, nilijifunga mkanda wa risasi uleule wa kilo 8 niliouzoea tangu siku za kujifunza kwangu Shimoni, wala haikunipitia moyoni kwamba uzito uliokuwa mizani sawa katika bahari ya Wasini ungeweza kuwa mzigo katika maji mengine. Nikaitoa hewa ya jaketi la kuelea, nikashuka kama nanga, na kabla sijadiriki kuzibua masikio, maumivu yalikuwa yamekwisha kunishika na miguu yangu imekwisha kuvuruga tope, hata sikuuona tena mkono wangu mwenyewe.

Siku ile nilifahamu jambo ambalo ningependa kila mzamiaji mpya ajaye Mbita, Karungu au Muhuru Bay alijue kabla ya kulowa: kwamba ziwa si bahari iliyopungukiwa na chumvi tu, bali lina hesabu zake, na mwenye kuzileta hapa hesabu za pwani bila ya kuzigeuza huitia nafsi yake hatarini.

Amma hiyo chumvi yenyewe, habari yake ni fupi. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.025, na lita moja ya maji ya pepo ni kilo 1. Na maadamu kila kilichozama huinuliwa kwa kadiri ya uzito wa maji kiliyoyaondoa mahali pake, kama alivyobainisha Archimedes zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, mtu ambaye pamoja na mtungi na vifaa vyake hujaza nafasi ya lita 100 huinuliwa baharini kwa kilo 102.5, na ziwani kwa kilo 100 basi. Hizo kilo mbili na nusu ndizo zilizonishusha topeni, nazo ndizo za kuvuliwa mkandani.

Lililo zito zaidi ni lile lisiloonekana kwa macho. Mtu aliye Homa Bay, akiitazama milima ya Gusii iliyo juu yake, hujiona yu bondeni, ilhali uso wa ziwa umeinuka takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapo ni nyepesi, shinikizo lake likiwa kama asilimia 88 ya lile la Mombasa. Mzamiaji avutapo hewa ya mtungi chini ya maji, naitrojeni iliyomo hupenya katika damu na nyama za mwili kwa kadiri ya shinikizo linalomzunguka, mithili ya gesi iliyofungiwa ndani ya soda. Na apandapo, shinikizo likipungua, naitrojeni hiyo hutaka kutoka, ikipewa muhula hutokea mapafuni kwa salama, ikiharakishwa hufanya mapovu mwilini, yakaleta maumivu ya viungo, au kupooza, au mauti. Kwa hivyo kipimo cha hatari si kina peke yake, ila ni uwiano baina ya shinikizo la chini mtu atokako na lile la juu aendako. Baharini yahitajiwa mita 10 ili shinikizo liwe maradufu; hapa mita 9 zatosha. Mita 18 za Takawiri, kwa hesabu ya naitrojeni, ni sawa na mita 20 za Wasini, na aliyeshika jedwali la pwani mkononi akadhani 18 ni 18, mwili wake haudhani hivyo. Kompyuta ya kuzamia nayo sharti ihakikishwe kwamba imepangwa kwa mwinuko wa mahali, maana si zote zijipangazo zenyewe.

Tena hatari haikomi ufukweni. Nimewaona wageni wakitoka majini adhuhuri, wakala samaki wao, wakapanda gari kwenda Kisii, mji ulioinuka mita 1,700 hivi, au wakapita Kericho, juu ya mita 2,000, wasijue kwamba kupanda kilima kwa gari ni kuendelea kupanda kutoka majini. Ni vyema kungoja saa 12 baada ya mzamio mmoja, na saa 18 kwa aliyezamia mara kadhaa.

Kupanda kutoka majini pia kuna adabu yake: mita 9 kwa dakika, kisha kutua dakika 3 penye kina cha mita 5, wala pumzi isizuiwe hata mara moja, kwa kuwa hewa iliyojaza mapafu katika kina cha mita 9 itataka nafasi mara mbili ifikapo juu, na mapafu hayana nafasi hiyo. Kanuni hii aliitangaza Robert Boyle katika 1662.

Hewa iliyofungika ina nguvu ambazo watu wa ziwa hili wamezijua kwa msiba. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza, hewa iliyonaswa tumboni mwake ndiyo iliyoizuia isizame, na ilipotobolewa ili waliomo waokolewe, hewa ikatoka, meli ikaenda chini. Siwalaumu waliojaribu kuokoa. Walakini nasikitika kila nikumbukapo kwamba katika fukwe zetu, mtu anapozama, aghalabu wanaomtafuta ni wavuvi wanaoingia kwa pumzi ya vifua vyao, bila mtungi wala kamba ya usalama, katika maji wasimoweza kuona kitu. Hao ndio ningependa wafunzwe kwanza, kabla ya watalii.

Maana giza la ziwa ni gumu kwa asiyelizoea. Katika Ghuba ya Winam mara nyingi jicho halifiki mita 1, na pale Mto Kuja unapomwaga maji yake Migori, wakati wa masika, hali ni mbaya zaidi. Nyavu zilizotelekezwa hazionekani mpaka zimekwisha kukushika, kwa hivyo kisu na mwenzi ni faradhi. Kichocho nacho kipo penye konokono na majani ya ufukweni. Ni heri kuingilia kwenye maji marefu kutoka mashuani, na kupimwa baadaye, kwa kuwa dawa yake, prazikwanteli, ipo.

Giza hilo halimdhuru binadamu peke yake. Wale samaki wadogo waitwao fulu, ambao aina zao nyingi zilitoweka baada ya mbuta, samaki mkubwa alaye wenzake, kuletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, majike yao huchagua dume kwa rangi. Na mtafiti Ole Seehausen na wenzake walieleza katika 1997 kwamba maji yakichafuka rangi hufifia, na aina zilizokuwa mbalimbali huchanganyika zikawa moja.

Nilirudi Takawiri asubuhi nyingine, kabla upepo haujaamka, nikiwa na kilo 5 na nusu mkandani, nikashuka polepole kandokando ya jabali, nikizibua masikio kila nusu mita, miguu juu ili nisiguse tope. Katika kina cha mita 4 nilitulia. Baada ya dakika chache fulu mmoja wa rangi ya samawati akatoka katika ufa wa jiwe, akasimama mbele ya miwani yangu, nami nikamwona mpaka magamba.