Nafasi Halisi ya Tangazo la Kulipia Mbele ya Washindani

Matangazo ya kulipia yanayotokea pamoja na matokeo ya utafutaji katika Google hayana nafasi ya kudumu, kwa kuwa kila mtu anapoandika maneno anayotaka kuyatafuta, mfumo huendesha mnada mpya kwa kufumba na kufumbua, ukaamua ni matangazo yapi yataonekana na kwa mpangilio gani. Kwa sababu hiyo, kampuni inayotaka kujua kama imewazidi washindani wake au imezidiwa haiwezi kujibiwa kwa namba moja. Jibu hupatikana kwa kupima, katika minada mingi ya kipindi maalumu, tangazo lilionekana mara ngapi, lilionekana sehemu gani ya ukurasa, na nani alikuwa juu yake.

Mnada huo hauamuliwi na fedha peke yake. Daraja la tangazo, yaani kipimo kinachowapanga washiriki kutoka juu hadi chini, hutokana na dau, ambalo ni kiasi cha juu ambacho mtangazaji yuko tayari kulipa kwa mbofyo mmoja, likajumlishwa na ubora wa tangazo, ubora wa ukurasa unaofunguka baada ya kubofya, na mazingira ya utafutaji wenyewe, kama vile mahali alipo mtafutaji, kifaa anachotumia na saa anayotafuta. Ndiyo maana mwenye dau dogo, ambaye tangazo lake linalingana vyema na haja ya mtafutaji, anaweza kukaa juu ya mwenye dau kubwa, na baada ya muda mfupi mpangilio huo ukageuka.

Hapo hudhihirika udhaifu wa desturi ya kuyaandika maneno husika katika simu ya ofisini ili kuona tangazo liko wapi. Kampuni ya utalii ya Arusha inayowatangazia watu wa Uingereza na Ujerumani safari za kupanda Kilimanjaro haiwezi kuyaona mashindano hayo ikiwa Arusha. Huenda hata isilione tangazo lake yenyewe, kwa kuwa halikuelekezwa Tanzania. Isitoshe, kila mara tangazo linapojitokeza kwa mwenyewe bila kubofywa, huhesabiwa mwonekano mmoja zaidi usio na mbofyo, na takwimu zikapotoka. Google Ads ina zana ya kuhakiki tangazo ambayo humwezesha mtangazaji kuchagua nchi, lugha na kifaa, akaona ukurasa ungekuwaje bila kuongeza hesabu ya mionekano, ingawa nayo huonyesha hali ya wakati mmoja tu.

Kwa miaka mingi watangazaji walitegemea wastani wa nafasi, kipimo ambacho Google ilikiondoa mwezi Septemba 2019. Kasoro yake ni kwamba kilieleza mpangilio wa matangazo baina yao na si mahali yalipokaa, kiasi kwamba tangazo la kwanza lingeweza kuwa chini ya ukurasa iwapo hakuna lililostahili kuwekwa juu. Vipimo vilivyochukua nafasi yake huonyesha asilimia ya mionekano iliyotokea katika sehemu ya juu ya ukurasa, na asilimia iliyotokea juu kabisa, kabla ya tangazo lingine lolote.

Ulinganisho na washindani hupatikana katika ripoti ya minada, ambayo huwataja kwa anwani za tovuti zao bila kufichua madau yao. Tuseme kampuni iliyotajwa ilishiriki minada 1,000 na tangazo lake likaonekana mara 400. Mgao wake wa mionekano ni asilimia 40. Ikiwa mshindani alionekana pamoja nayo mara 200 kati ya hizo 400, kiwango cha kukutana ni asilimia 50, na ikiwa katika hizo 200 mshindani alikuwa juu mara 50, kiwango chake cha kuwa juu ni asilimia 25. Msomaji wa haraka atahitimisha kwamba kampuni humshinda mpinzani huyo mara tatu kati ya nne, ilhali hesabu hiyo haigusi kabisa minada 600 ambamo kampuni haikuonekana. Kipimo kinachoiingiza minada hiyo ni mgao wa kuzidi, unaojumlisha mara 150 ambazo kampuni ilikuwa juu ya mshindani na mara 200 ilizoonekana bila yeye, kisha jumla ya 350 ikagawanywa kwa 1,000. Jibu ni asilimia 35, si 75.

Baada ya kujua ukubwa wa pengo, hubaki kutafuta chanzo chake. Mfumo huitenganisha mionekano iliyopotea kwa sababu ya bajeti, ambapo fedha za siku hazikutosha, na iliyopotea kwa sababu ya daraja, ambapo dau au ubora ulikuwa hafifu. Anayepoteza kwa bajeti hana sababu ya kupandisha dau, kwani fedha zake zitakwisha mapema zaidi. Humfaa kuongeza bajeti, au kupunguza maneno, maeneo na saa za kutangaza. Anayepoteza kwa daraja hatasaidiwa na bajeti kubwa, bali aanze kwa kurekebisha tangazo na ukurasa wake kabla ya kufikiria kupandisha dau.

Takwimu hizo zisomwe kwa kila nchi na kila kifaa, kwa kuwa jumla inaweza kuficha ushindi wa London na kushindwa kwa Berlin. Vilevile zilinganishwe na gharama ya kumpata mteja mmoja, maana mibofyo ya nafasi ya juu kabisa kwa kawaida ni ghali zaidi, na kampuni inaweza kuiacha nafasi hiyo kwa mpinzani bila kupata hasara.